Kona ya Yaya: Kabla Hujapanda Gari la Lubumbashi Kwenda Kusomea Ualimu

Wadogo zangu, barua zinazotoka pande za Kasenga zimeanza kufanana. Anayeandika ni mwalimu, mara nyingi mama kijana, mwenye D6 ya pedagojia. Aliajiriwa shule ya msingi, halafu akapewa historia, jiografia na uraia vya darasa la saba na la nane kwa sababu hakuna mwingine wa kuvifundisha. Sasa ameyapenda masomo hayo. Anataka kusoma zaidi, awe mwalimu wa sekondari anayetambulika, asimame mbele ya madarasa ya humanite bila kuogopa inspekta. Anauliza aanzie wapi, itamchukua miaka mingapi, na kama akiondoka atapoteza namba yake ya kazi.

Nianze na jambo linaloumiza wengi, maana huligundua wakiwa wameshalipa ada ya miaka. Shahada ya historia peke yake haikufanyi mwalimu wa historia. Unaweza kukaa Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ukasoma historia mpaka mwisho, ukaijua Afrika ya Kati karne kwa karne, na bado ukarudi shuleni ukaambiwa umepungukiwa. Kinachokosekana ni agregasioni: didaktiki ya somo lako, saikolojia ya mtoto, uendeshaji wa darasa, na staji mbele ya wanafunzi wenyewe. Kwenye orodha za walimu, kiwango cha kila mtu huandikwa kwa herufi chache: D6, G3, L2, LA. Herufi A kwenye LA ni ya agregasioni. Mwenye L2 tupu anaweza kuwa ni mtu wa akili nyingi, lakini prefe anayetafuta mwalimu wa kumkabidhi darasa la mwisho, lile la Egzeta, atamtazama kwanza mwenye LA. Kwa hiyo ukichagua chuo kikuu, uliza habari za agregasioni siku ya kujiandikisha. Usingoje mwaka wa mwisho.

Mlango wa pili ni Institut Supérieur Pédagogique ya Lubumbashi, ISP kama tunavyoiita sote. Pale ualimu haukuongezwa mwishoni. Umo ndani ya masomo tangu mwaka wa kwanza, na kuna idara ya Historia na Sayansi Jamii. Najua wapo wanaosema ISP ni ya walioshindwa kuingia chuo kikuu. Usemi huo umewapotezea miaka wasichana wengi wenye kipaji cha kufundisha. Wewe uliyekwisha kushika chaki, ukajua mtoto anavyokunja uso akiwa hajaelewa, nakushauri ISP bila kusita. Chuo kikuu kitakufaa kama una hamu ya utafiti, au unatazamia siku moja kufundisha vyuoni.

Sasa hesabu ya miaka, ambayo imechanganya hata wazee wetu. Zamani ilikuwa graduati miaka 3, halafu lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 nchi nzima imeingizwa katika mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha daktari. Ukijumlisha, kufika kilele cha mwalimu wa sekondari bado ni miaka 5, lakini majina yamehama. Lisansi ya leo, kwa miaka yake, imekaa pale ilipokuwa graduati. Mtu akikuambia "mimi nina lisansi", uliza ni ya mfumo gani. Na wewe unayelenga kiwango ambacho dada yako alikifikia kwa L2 ya zamani, jiandae kwa masta. Kila mwaka una krediti 60, yaani 180 za lisansi na 120 za masta, na krediti uliyoikosa hukufuata mwaka unaofuata kama deni la duka.

Kuna mwenye G3 ya zamani aliyesimama miaka mingi akalea watoto, na sasa anataka kuendelea. Mdogo wangu, usikubali jibu la mdomo la mtu wa korido. Nenda sekretarieti ya masomo na relevé zako za alama za miaka yote mitatu, omba uandikiwe unaingizwa mwaka gani na masomo gani utayaongeza. Karatasi hiyo itunze. Wakuu wa idara hubadilishwa, na anayekuja hajui ulichoahidiwa na aliyeondoka.

Na kama kuna taasisi karibu na nyumbani inayosema inatoa shahada hiyohiyo, usiikatae kwa udogo wake. Uliza maswali mawili tu. La kwanza: iko wapi hati ya waziri inayoiruhusu kufundisha tawi hilo unalolitaka? Ruhusa ya kufundisha usimamizi wa biashara haihusu historia. La pili: waliomaliza hapo, diploma zao zimethibitishwa na wizara, na wapo wangapi wanaofundisha kwa diploma hizo? Tafuta mmoja wao, uzungumze naye bila mtu wa ofisi kuwa karibu.

Tuje kwenye namba, maana hapa ndipo usingizi unapokatika. Mliokwisha kuingia kwenye listi ya mishahara mnajua mlivyoisubiri. Wenzenu walioitwa NU (nouvelles unités) na NP (non payés) wamefundisha miaka bila franka moja ya serikali, wakiishi kwa kile wazazi walichoweza kuchanga. Na tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza, mchango ule wa wazazi katika shule za msingi za serikali haukutakiwa kuombwa tena. Namba ya matrikule ni mali. Kwa hiyo usiondoke kimya. Mwalimu aliyetoweka shuleni anaandikwa mtoro, na kulifuta neno hilo kwenye faili ni kazi ya miaka.

Andika barua. Kama shule yako ni ya mtandao wa Wakatoliki, wa Waprotestanti, wa Wakimbangu au wa Waislamu, barua ipite kwa koordinasioni ya mtandao huo; kama ni ya serikali moja kwa moja, ipite ofisi ndogo ya elimu. Omba kwanza kuhamishiwa shule ya Lubumbashi au ya jirani yake, ili uweze kusoma huku ukifundisha. Likishindikana hilo, omba ruhusa ya kusimama kazi kwa masomo. Kila barua iwe na kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, tarehe ikisomeka. Wapo watakaokunong'oneza: mwachie mtu darasa lako, akufundishie, mgawane mshahara. Usifanye. Siku ya ukaguzi jina litaitwa na wewe hupo, na yule uliyemwachia hana namba wala mkataba wa kumtetea. Watoto nao watakuwa wamefundishwa mwaka mzima na mtu ambaye hakuna anayemwuliza.

Kuhusu maisha ya mjini nitasema kwa ufupi, mengi mnayajua. Kutoka Kasenga hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 200, na masika yakishika kule Kasomeno, usipange kurudi nyumbani kila mwezi. Mshahara unaupata kwa franka, ada na pango la nyumba mara nyingi vinahesabiwa kwa dola, na mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa mbele. Wengi mtafikia kwa shangazi, katika komuni ya Katuba au ya Kenya. Shangazi ni baraka, lakini kaeni mzungumze kabla hujashusha mfuko: utachangia nini, utapika siku zipi, na wiki za mitihani itakuwaje. Nimeona wasichana wenye akili wakirudia mwaka kwa sababu ya sufuria za watu kumi na wawili, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyesema mapema, basi.

Na hili siwezi kulipita. Mnalijua jina lake la mtaani, zile pointi zinazotolewa kitandani. Profesa au msaidizi wake atakuambia silabusi yako haijalipwa, au memwari yako, ile kazi ya kuandika ya kuhitimu, ina kasoro, halafu atataja saa na mahali ambapo si ofisini. Sheria ya 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia inautaja unyanyasaji wa kingono kuwa ni kosa la jinai. Usiende peke yako. Mwambie mwenzako siku hiyohiyo, tunza ujumbe wa simu, usiufute kwa hasira wala kwa aibu. Omba kwa maandishi kubadilishiwa msimamizi. Sababu ya maandishi inaweza kuwa ratiba, ya kweli utaieleza kwa mtu unayemwamini katika uongozi au kwa wanasheria wanaotetea wanawake. Kosa ni lake. Mwaka ukipotea kwa sababu hiyo, haimaanishi wewe umeshindwa.

Sasa niende kwenye kile ninachokipenda zaidi, memwari. Kila mwaka wanafunzi wanarundikana kwenye mada zilezile: Mkutano wa Berlin, Vita Kuu ya Pili, sababu za ukoloni. Wananakili vitabu vilivyonakili vitabu. Wewe unatoka Kasenga! Mto Luapula, unaokuogesha tangu utotoni, ni mpaka wa nchi mbili, na mpaka huo una tarehe: mkataba wa 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo. Kabla ya siku hiyo Luapula ulikuwa njia ya watu wamoja. Mwata Kazembe wa Walunda, aliyetembelewa na David Livingstone mwaka 1867, leo enzi yake iko Zambia, na watu wa Kashobwe wanavuka kwenda kwenye sherehe ya Mutomboko kila mwaka kama mtu anayekwenda kwa wajomba zake. Mwanafunzi wa darasa la nane akiulizwa mpaka ni nini, atakariri sentensi ya kitabu. Mwulize bibi yake nani alimzuia kuvuka, mwaka gani, akiwa amebeba nini. Hapo una historia, una jiografia, una uraia, vyote katika jibu moja.

Au chukua samaki. Miji ya shaba haikula shaba. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukafuata mwaka 1910, maelfu ya wafanyakazi walihitaji chakula, na chakula hicho kilitoka kwenu. Wafanyabiashara Wagiriki walijikita Kasenga, wakanunua samaki wa Luapula na wa ziwa Moero na kuwasafirisha hadi mjini. Pumbu, samaki yule aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga, alivuliwa njiani kwa nyavu kabla hajataga. Kufikia kama mwaka 1950 alikuwa ameisha, kwa maana ya biashara. Mzee wa miaka themanini na zaidi kule kwenu anaweza kuwa alisikia kwa baba yake pumbu walivyokuwa wakipita. Nani anaandika? Hii ni memwari kamili: uchumi wa kikoloni, mazingira, kazi za wanawake waliokausha samaki, na majina ya vijiji ambayo profesa wako hajawahi kuyasikia. Kijana wa Kinshasa hawezi kuiandika kama wewe.

Usidhani historia ya namna hiyo haikubaliki chuoni. Lubumbashi ndiyo yenye mfano wake. Mwaka 1965 André Yav, akiandika kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu, alitunga historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha Katanga, historia ya mji kama ulivyoonekana kutoka jikoni na uani. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na vyuo vya dunia vinaisoma. Tshibumba Kanda Matulu naye, mchoraji wa mjini hapo, katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, na akaieleza kwa Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenyewe, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alijenga jina lake kwa kusikiliza kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao. Mkirekodi wazee kwa simu zenu, mkaandika tarehe, mahali na jina la aliyesema kwa idhini yake, mnafuata njia iliyokwisha kufyekwa.

Na mkishaandika, ifikisheni darasani. Vitabu vingi mtakavyovikuta shuleni bado vina ramani ya mikoa 11. Tangu 2015 tuna 26, na Katanga ile ya zamani imezaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwalimu aliyesoma anaijua tofauti hiyo na anaichora mwenyewe ubaoni. Kwenye uraia vilevile: kifungu cha 45 cha Katiba kinawapa watawala wajibu wa kuhakikisha Katiba yenyewe inafundishwa. Somo lenu limetajwa na sheria kuu ya nchi. Prefe akikata saa za uraia ili kuongeza hesabu, mna cha kumwonyesha, kwa adabu.

Staji ndiyo inayowatisha wengi, na wale mliokwisha kufundisha mnaiogopa kuliko wanaoanza, kwa kuwa mmezoea njia yenu. Nieleze inavyokwenda. Unakabidhi fishi ya maandalizi kabla ya somo. Juu kabisa kuna lengo, na lengo hilo haliandikwi "kumfahamisha mwanafunzi habari za Msiri". Linaandikwa kwa kitendo kinachoonekana: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza kueleza kwa sentensi tatu kwa nini Msiri, mtawala wa Bunkeya, aliuawa Desemba 1891. Halafu kunafuata kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu, kutangaza kichwa, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Msimamizi amekaa nyuma, na saa mkononi. Anachokitazama kwanza ni maswali yako. Ukiuliza "mmeelewa?", darasa litaitikia "ndiyo" kwa sauti moja na yeye ataandika kitu kwenye daftari lake. Uliza: "Msiri alitaka nini kwa Wazungu, na wao walitaka nini kwake?" Nyamaza, subiri. Kimya kile kitakuelemea, lakini usikivunje wewe. Mtoto mmoja atanyoosha mkono, jibu lake litakuwa nusu. Mpe mwingine alimalizie. Ubao nao uugawe: kushoto majina na tarehe, katikati muhtasari unaokua kadiri somo linavyosonga, kulia ramani ndogo. Usifute mpaka wamalize kunakili. Wanaopoteza alama hapo ni wale wanaoandika ubao mzima kimya dakika ishirini, mgongo kwa watoto.

Kwa mwalimu wa zamani wa shule ya msingi nina habari njema: lile la kusubiri jibu, kumtazama anayesinzia, kulifahamu darasa kwa majina, tayari unalo. Vijana wanaotoka moja kwa moja sekondari hawanalo. Ulichopungukiwa ni kina cha somo, na hicho ndicho chuo kitakupa. Kwa hiyo usikae nyuma ya auditoriamu ukijificha kwa ajili ya umri.

Mmoja ameandika kwamba mume wake ana D6, naye anaogopa mkewe akirudi na masta atamdharau. Mama, hofu hiyo usiicheke, na usiifiche chini ya mkeka pia. Mwonyeshe hesabu: ada ni kiasi gani, mshahara utabadilikaje ukipandishwa kiwango, na watoto watakaa na nani miezi ya masomo. Mwalike aje siku ya kutetea memwari yako, akae mstari wa mbele na wazazi wako. Kama baada ya yote hayo bado anasema hapana, nenda kwa wale waliowaunganisha, wakae nanyi wawili. Lakini miaka yako usiiweke rehani kwa neno "tutaona mwakani" linalorudiwa kila mwaka. Ninawajua wanawake waliongoja hivyo mpaka watoto wao ndio wakaingia chuo kabla yao.

Jambo la mwisho ni dogo, na limewatesa watu wa mbali kuliko wa mjini. Orijino ya diploma yako ya D6 usimpe mtu yeyote akupelekee Lubumbashi, hata awe mjomba, hata gari liwe linaondoka sasa hivi. Tuma kopi zilizothibitishwa kwa ajili ya faili. Orijino utakwenda nayo mwenyewe siku ya kujiandikisha, ndani ya plastiki, kwenye mfuko unaokaa mapajani mwako na si juu ya gari, na utarudi nayo unakofikia jioni hiyohiyo.